Mume Aliyeumia Uti wa Mgongo Bado ni Mume



Mwezi huu tunaleta somo ambalo wengi hutuulizia wakiwa wameshika mlango tayari kuondoka, baada ya kuzungumza mengine yote. Ni habari ya tendo la ndoa kwa mwanamume aliyeumia uti wa mgongo. Tutatumia maneno ya heshima, lakini hatutazunguka sana, kwani wahenga walisema mficha uchi hazai.

Hapa kwetu Misunkumilo na vijiji vya jirani, njia za kuumia mgongo tunazijua. Mmoja ameanguka kutoka juu ya mwembe. Mwingine ameteleza akirina asali kwenye mzinga uliotundikwa mtini. Wengine huangukiwa na kifusi katika mashimo ya dhahabu au hupata ajali ya pikipiki. Hayo si ya Katavi peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu wagonjwa waliotibiwa KCMC, Moshi, ulionyesha kuwa chanzo kikuu ni kuanguka, kikifuatiwa na ajali za barabarani, na kwamba wengi wa walioumia ni wanaume. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa watu zaidi ya milioni 15 duniani wanaishi na madhara ya kuumia uti wa mgongo. Wengi wao waliumia wakiwa bado na nguvu, wakiwa na wake na watoto wadogo, au wakiwa katika mipango ya kuoa.

Kosa letu wauguzi

Miaka kadhaa iliyopita tulimruhusu kurudi nyumbani baba mmoja mrina asali, mwenye watoto wawili. Aliumia usawa wa kifua, na miguu ilikuwa imepooza. Kabla hawajaondoka tulimfundisha mke wake namna ya kumgeuza kitandani, kutoa mkojo kwa mpira, kukagua ngozi na kumsaidia kupata choo. Mama alifundishika vizuri, nasi tukaridhika.

Baada ya miezi saba yule mama alileta mtoto kliniki. Akangoja wenzake waondoke, ndipo akasema: "Mama Nesi, nina neno la aibu. Mwenzangu hanitazami tena. Amehamia chumba cha watoto. Ananiambia nirudi kwetu, nikaolewe na mwanamume mzima. Je, mambo yale ndiyo yamekwisha kabisa?"

Tukamuuliza kama mumewe aliwahi kuambiwa na daktari au muuguzi yeyote kwamba yamekwisha. Akajibu: "Hapana, Mama. Ila mlitufundisha mkojo, mkatufundisha na choo. Hilo hamkulitaja, tukajua halipo tena."

Neno hilo lilituchoma. Kunyamaza kwetu walikufanya kuwa jibu, na jibu lenyewe halikuwa kweli. Tangu siku hiyo tumejiwekea desturi ya kulitaja jambo hili sisi wenyewe kabla mgonjwa hajarudi nyumbani. Tunawaombeni nanyi familia mliulize bila woga, kama mnavyouliza kuhusu dawa na mazoezi.

Mwili umebadilikaje?

Ndani ya pingili za mgongo hupita ugwe mgongo, yaani shina la mishipa ya fahamu linaloshuka kutoka kwenye ubongo. Ndilo linalopeleka amri za ubongo chini na kurudisha juu habari za maumivu, joto na mguso. Likiumia, habari hukatika nusu au zote, kutegemea ukubwa wa jeraha na mahali lilipo.

Hamu ya mapenzi haitoki miguuni. Hutoka katika akili na moyo, na kwa wengi hubaki ingawa mwili umepooza. Mtu anaweza kuwa hahisi chochote kiunoni na bado akampenda na kumtamani mkewe.

Uume husimama kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya mguso. Mahali pakiguswa, habari hufika sehemu ya chini kabisa ya ugwe mgongo na kurudi hapo hapo, bila kupita kwenye ubongo. Njia ya pili ni ya mawazo, yaani mtu anapoona, anaposikia au anapofikiri. Hiyo huanzia kwenye ubongo na kushuka.

Kwa hiyo aliyeumia shingoni au kifuani mara nyingi hupoteza njia ya mawazo, lakini ile ya mguso hubaki. Uume unaweza kusimama anapooshwa au anapobadilishiwa mpira wa mkojo, naye asihisi. Aliyeumia sehemu ya chini kabisa ya ugwe mgongo mara nyingi hupoteza njia ya mguso, lakini anaweza kubakiwa kiasi na ile ya mawazo. Wale ambao jeraha lao halikukata mawasiliano yote hubakiwa na mengi zaidi.

Yule mrina asali alikuwa ameona uume ukisimama anapooshwa na kaka yake. Alidhani ni ugonjwa mpya, akaona haya, akakataa kuoshwa na mtu yeyote. Tulipomweleza kwamba hiyo ni kazi ya kawaida ya mwili wake, alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza: "Sasa kwa nini sikuambiwa?"

Aidha, msitoe hukumu mapema. Katika wiki za kwanza, na kwa wengine miezi michache, ugwe mgongo huwa katika mshtuko na njia ya mguso hulala kabisa. Asiyeona mabadiliko yoyote mwezi wa kwanza asiseme habari yake imekwisha.

Ni lazima tuseme ukweli kwamba si kila kitu hurudi. Wengi hawahisi tena kama zamani. Uume unaweza kusimama kisha ukalala kabla ya wakati, na wengi hawatoi mbegu. Hata hivyo wapo wanaogundua kwamba shingo, masikio, kifua au mahali palipo juu kidogo ya mpaka wa ganzi pamekuwa pepesi kuhisi kuliko awali. Mume na mke inawabidi kujifunza upya, polepole, kama walivyojifunza mwanzo wa ndoa.

Maandalizi ya mwili

1. Mkojo. Kibofu kitolewe mkojo kabla, na mgonjwa asinywe maji mengi saa chache kabla ya hapo. Mwenye mpira wa kudumu aje afundishwe kama unaweza kutolewa kwa muda au namna ya kuufunga vizuri usivutwe. Asiuvute wala asiukate mwenyewe. Mkojo kidogo ukitoka, taulo liwe karibu, nanyi msilaumiane.

2. Choo. Aliyezoea kwenda choo kwa ratiba achague siku na saa ambayo tumbo ni jepesi. Hofu ya kujichafua huondoa amani kuliko ulemavu wenyewe.

3. Ngozi. Asiyehisi maumivu hajui kwamba ngozi inabanwa. Shuka lisiwe na mikunjo, na mwili usikwaruzwe wala kulala upande mmoja muda mrefu. Baadaye mke au mume mwenyewe kwa kioo akague makalio, nyonga, visigino na uume. Kukiwa na wekundu usioondoka, mahali hapo pasilaliwe hadi papone. Mwenye kidonda kibichi asikilaze.

4. Namna ya kulala. Mume akilala chali na mto chini ya magoti, au wote wawili wakilala ubavu, mara nyingi huwa rahisi. Miguu ikikakamaa na kutetemeka, tulieni kidogo mpaka ipoe. Mwenye dawa za kulegeza misuli asiziache ghafla kwa kudhani ndizo zinazomzuia. Nyingine ni hatari kuziacha kwa mara moja, kwa hiyo amwone daktari kwanza.

Dalili ya hatari isiyosubiri

Aliyeumia kuanzia katikati ya kifua kwenda juu anaweza kupandwa na shinikizo la damu ghafla na kwa nguvu. Huletwa na kitu kinachousumbua mwili chini ya jeraha, kama kibofu kilichojaa, choo kigumu, kidonda, au hata tendo la ndoa lenyewe. Dalili zake ni kichwa kugonga kwa maumivu makali, uso kuwa mwekundu au wa moto, jasho juu ya mpaka wa ganzi, pua kuziba na macho kuona ukungu.

Jambo hilo likitokea, acheni mara moja. Mketisheni wima, miguu ishuke chini. Legezeni nguo, mkanda na chochote kinachobana. Angalieni kama mpira wa mkojo umekunjika au kibofu kimejaa, kisha toeni mkojo. Dalili zisipotulia baada ya dakika chache, mpelekeni hospitali haraka, maana anaweza kupata kiharusi. Kama alimeza dawa ya kusimamisha uume, mwambieni daktari mara tu mnapofika, kwani kuna dawa za kushusha shinikizo ambazo haziruhusiwi kuchanganywa nayo.

Dawa za kweli na dawa za mtaani

Tangu mwaka 1998 ipo dawa iitwayo sildenafil, na baadaye zimekuja nyingine za jamii yake. Huwasaidia wanaume wengi walioumia uti wa mgongo, hasa wale waliobakiwa na njia ya mguso. Lakini haimfai kila mtu. Anayetumia dawa za maumivu ya moyo za jamii ya naitreti haruhusiwi kabisa kuitumia. Mwenye shinikizo la chini, ambalo ni la kawaida kwa walioumia shingoni, anahitaji kuanza kwa kipimo kidogo chini ya uangalizi. Kwa hiyo ni dawa ya kuandikiwa na daktari, siyo ya kuazimwa kwa rafiki.

Zile unga na chupa zinazouzwa mnadani kwa jina la "nguvu za kiume", tunawasihi muziache. Hujui kilichochanganywa ndani wala kipimo chake. Tumeona familia ikiuza mbuzi na baiskeli kununua mizizi kwa mtu aliyeahidi kurudisha kila kitu kwa siku saba.

Zipo pia pampu za kuvuta damu iingie kwenye uume, zinazotumiwa pamoja na pete ya mpira ya kubana shina lake. Pete isizidi nusu saa, na mtu asilale nayo. Asiyehisi hawezi kujua kwamba damu imezuiwa na nyama inakufa. Vivyo hivyo uume ukisimama zaidi ya saa nne bila kulala, hata kama hauumi, hiyo ni dharura. Njoo hospitali hata kama ni usiku wa manane. Hatutakucheka.

Habari ya watoto

Kuzaa ni jambo jingine, tofauti na uume kusimama. Wengi walioumia uti wa mgongo hawatoi mbegu katika tendo la ndoa bila msaada, na mbegu zao mara nyingi huwa hazina mwendo wa kutosha ingawa idadi yake ni nzuri. Lakini wapo wanaotoa, na wapo waliozaa. Kwa hiyo wasiotaka mimba kwa wakati huo wasijidanganye kwamba haiwezekani. Nao wanaotaka mtoto wasikate tamaa kabla ya kumwona daktari. Zipo njia za kitaalamu, na kwa kuwa baadhi yake hazipatani na mafundisho ya Kanisa, zungumzeni pia na paroko wenu.

Turudi kwa yule mrina asali. Alirudi chumbani kwa mkewe, na baada ya miaka miwili mama yule akapata mimba. Shangazi wa mume akaanza kusema: "Mtu aliyekufa kiunoni anapataje mtoto?" Maneno yakaenea mpaka sokoni, na mama akawa haendi tena jumuiya. Mume mwenyewe ndiye aliyewaita ndugu zake. Akiwa ameketi katika kiti chake cha magurudumu aliwaambia: "Shangazi, mimba hii ni yangu. Mke wangu hana kosa, na neno hili liishie hapa." Tuliitwa nasi, tukaeleza haya tuliyoyaandika hapo juu. Tunalisimulia kwa ruhusa yao, kwa sababu wapo akina mama waliofukuzwa kwa shutuma ya namna hiyo bila mtu yeyote kuuliza hospitali.

Hapo tuongeze kwamba ganzi haizuii magonjwa ya zinaa wala virusi vya UKIMWI. Anaweza kuambukizwa na kuambukiza kama mtu mwingine, tena asihisi maumivu ya dalili za mwanzo. Apime kama wengine wanavyopima.

Mke asigeuzwe kuwa muuguzi tu

Mama akishinda anatoa mkojo, anafua mashuka na kumwinua mumewe kutoka asubuhi hadi jioni, usiku ni vigumu kumwona tena kama mume. Naye mume, aliyesafishwa kama mtoto, huona haya kumgusa. Dawa yake ni kugawana kazi. Kaka, baba mdogo au kijana wa nyumbani ajifunze kumuogesha na kumhudumia choo angalau siku kadhaa za juma. Mume naye afanye yote anayoweza kwa mikono yake. Wengi hujifunza kutoa mkojo wenyewe, na heshima yao hurudi kwa sehemu kubwa siku hiyo hiyo.

Ndugu wa pande zote mbili, chungeni ndimi zenu. Msiseme mbele yake kwamba "huyu si mwanamume tena". Msimhamishie chumba cha watoto kwa kisingizio cha kumpumzisha mkewe. Endeleeni kumshauri kuhusu shamba, ada na posa za mabinti kama mlivyokuwa mkifanya. Mwanamume anayeulizwa neno katika nyumba yake hupata pia ujasiri wa kuzungumza na mkewe.

Tena angalieni huzuni iliyozidi. Akikosa usingizi, akikataa chakula, akianza kunywa pombe kupita kiasi au akisema ni heri afe, hilo si jambo la kuambiwa "jikaze". Mleteni siku hiyo hiyo, na msimwache peke yake.

Kanisa na sheria zinasemaje?

Wapo wanaotuuliza kama ndoa huvunjika mume akipata hali hii. Hapana. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1084, huzungumzia hali iliyokuwapo kabla ya ndoa na ambayo ni ya kudumu. Ajali iliyotokea baada ya ndoa haiivunji. Kanuni hiyo hiyo yasema kuwa kutozaa peke yake hakuzuii ndoa, na kwamba pakiwa na shaka kuhusu uwezo, ndoa isizuiwe. Kwa hiyo kijana aliyeumia kabla ya kuoa asijihukumu mwenyewe, wala wazazi wa binti wasimhukumu. Aende kwa daktari, kisha kwa paroko.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unatambua katika kifungu cha 23 haki yao ya kuoa, kuolewa na kuwa na familia. Nchi yetu ilitunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu mwaka 2010.

Tukumbuke pia kwamba zamani, hata Ulaya, aliyeumia uti wa mgongo alihesabiwa kama maiti inayosubiri. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann alifungua wodi maalumu huko Stoke Mandeville, Uingereza, akakataa kuwaacha wagonjwa walale wakioza vidonda. Aliwageuza, akawatibu kibofu, akawapa kazi, na mwaka 1948 akawaanzishia michezo iliyokua ikawa michezo ya Paralimpiki. Alianza kwa kutokubali kwamba maisha ya mtu yameishia pale mgongo ulipovunjika.

Uanzie wapi?

Kama yuko nyumbani kwako aliyeumia, usingoje aulize. Njooni wawili, mume na mke, katika zahanati, kituo cha afya au hospitali iliyo karibu. Mkiona aibu, semeni hivi tu: "Tumekuja kuuliza habari ya ndoa baada ya ajali." Muuguzi ataelewa. Akihitajika mtaalamu zaidi, mtaandikiwa barua ya kwenda hospitali ya rufaa ya mkoa hapa Mpanda, Bugando kule Mwanza, au Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, MOI, jijini Dar es Salaam.

Yule mrina asali hakupata miguu yake. Bado hahisi kiuno chake, na zipo siku za huzuni. Lakini siku hizi hutengeneza mizinga kibarazani, na mke wake huipeleka kuuza. Mama alitupitia juzi kliniki na mtoto wa tatu mgongoni. Safari hii hakungoja wenzake waondoke.

Maswali ya kujadili nyumbani au katika jumuiya

1. Je, katika jumuiya yetu yuko baba au kijana aliyeumia mgongo? Nani humtembelea, na humzungumzisha habari gani?
2. Ni kazi zipi tunazoweza kumpunguzia mke wake kila juma?
3. Tukisikia maneno ya kumshutumu mke wa mgonjwa, tutajibu nini?
4. Mtu akipatwa na maumivu makali ya kichwa na jasho ghafla baada ya kuumia shingo au kifua, hatua nne za kwanza ni zipi?

Tukutane tena mwezi ujao, Mungu akipenda.